Udongo Uliotoka Bwawani

Fahali wa baba alikufa siku ya tatu baada ya mvua kurudi. Jioni iliyotangulia alikuwa amekula vizuri, akanywa maji, akalala mahali pake pa kila siku karibu na mlango wa boma. Kulipokucha tulimkuta amelala ubavu, tumbo limevimba, miguu miwili iko hewani, na puani mwake mnatoka damu nyeusi na nyepesi. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka nilichuchumaa nikaisubiri damu ile igande, kama inavyoganda ya kuku, lakini haikuganda.

Kwetu ni nyanda za chini za Mbeere, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kiritiri. Uhuru ulikuwa bado jambo jipya midomoni mwa watu wazima, na ukame ulikuwa umetukalia mwaka mzima. Mtama ulikauka kabla haujatoa suke. Ng'ombe walikuwa wanang'oa nyasi pamoja na mizizi yake na udongo wake, wakitafuna vumbi huku machozi yakiwatoka. Kwa hiyo fahali alipokufa hakuna aliyelia. Sote tulifikiria nyama.

Baba alimwita mdogo wake. Baba yetu mdogo alikuwa mtu wa nguvu na mzaha, na katika eneo lile lote hakuna aliyejua kuchuna kama yeye. Walimburuta yule fahali mpaka bondeni, chini ya nyumba, penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ili harufu ya damu isiwalete fisi mlangoni. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni, mtoto wa miezi michache tu. Mimi nilipewa beseni. Damu iliyokusanyika na maji ya kuoshea matumbo, yote niliyabeba hatua chache na kuyamwaga pale pale bondeni. Nilienda na kurudi mara nne au tano. Udongo ule ulikuwa na nyufa za kiangazi, pana kiasi cha kupitisha mkono, na uliyanywa yote.

"Mbona damu yake haigandi?" nilimuuliza baba mdogo.

"Njaa," alisema bila kuinua kichwa. "Hata damu imekonda."

Tukacheka.

Mama alichemsha nyama tangu asubuhi mpaka alasiri, kwa sababu fahali alikuwa mzee na nyama yake ngumu. Nadhani hilo ndilo lililotuokoa sisi watoto, ingawa sina hakika. Baba mdogo hakungoja. Alitoa wengu, mweusi na mkubwa kupita kiasi, ukapitishwa kwenye moto, akaula ukiwa bado unavuja. Siku ya nne alitokwa na kipele shingoni. Alisema ni mdudu amemuuma, akawa anakikuna akiongea. Kesho yake kipele kikawa lengelenge, katikati pakawa peusi kama kaa la moto lililozimika, na shingo yake ikavimba mpaka ikalingana na kichwa. Cha ajabu, kidonda chenyewe hakikumuuma. Kilichomuuma ni tumbo. Walimbeba kwenye kitanda cha miti kumpeleka zahanati, wakarudi naye kabla ya kufika nusu ya njia.

Wiki hiyo walikufa ng'ombe wengine wawili. Ndipo alipokuja afisa wa mifugo, kwa baiskeli, amevaa kaptura ya kaki na soksi ndefu. Hakuwagusa. Alisimama mbali, akatazama pua zao, akauliza swali moja.

"Yule wa kwanza, nani alimfungua?"

Kaburi la aliyemfungua lilikuwa bado na udongo mbichi.

"Mngemwacha na ngozi yake," alisema, "angeoza, na ugonjwa ungeoza naye. Mmempasua. Mmeupa hewa."

Aliutaja ugonjwa kwa jina, kimeta, jina ambalo halikuniambia kitu wakati ule. Alituamuru tuchimbe shimo refu kuliko mtu mzima, pale pale bondeni, tuwafukie wale wawili bila kuwapasua, pamoja na mifupa ya fahali, ngozi yake, kamba, na lile beseni langu. Akaleta chokaa ikamwagwa juu. Baba akapanda minyaa kulizunguka eneo lote, na minyaa inavyojua kuota, baada ya misimu michache ikawa ukuta. Tukaambiwa tusichunge pale. Afisa hakusema mpaka lini, na hakuna aliyemuuliza.

Nilisoma, nikafaulu kiasi, nikapelekwa chuo kujifunza kazi ya maabara. Ni huko, nikiwa msichana wa miaka ishirini, ndiko nilikokutana tena na kile kilichomuua baba mdogo. Mwalimu alichora ubaoni vijiti vilivyoungana mwisho kwa mwisho, kama pingili za muwa. Akasema bakteria huyu akiwa ndani ya damu hula na kuzaana. Damu ikimwagika, akakutana na hewa na chakula kikakatika, hujifungia ndani ya ganda dogo. Humo hali, hanywi, hazai. Jua halimmalizi, baridi haimmalizi, ukame haummalizi. Anangoja mnyama.

Mwenzangu mmoja akauliza, "Anangoja muda gani?"

"Makumi ya miaka," mwalimu akasema. "Na mtu akikuambia anaujua mwisho wake, muulize ameujuaje."

Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nahesabu safari zangu za beseni.

Likizo iliyofuata nilimweleza baba. Tulikuwa tunapura kunde uani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapepeta ungo wake, akasema, "Nimepanda minyaa." Nilitaka kuendelea nikaona uso wake, nikarudi kwenye kunde. Aliyekufa alikuwa mdogo wake wa pekee. Mama alikuwa ndani, mlango uko wazi, na najua alisikia, kwa maana sauti ya vyombo ilikoma.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Kanyakine, kwenye migomba na kahawa, ambako maji yanatiririka kila upande na watu wanaamini maji yanayotiririka hayana neno. Nilitumwa kuchota maji ya chemchemi kwa chupa na kuyapima, kutafuta viini vya kinyesi, vile vinavyotuonya kwamba homa ya matumbo inaweza kuwa njiani. Kulikuwa na chemchemi moja nzuri sana, chini ya mteremko wenye vyoo vya shimo, iliyonifundisha kutoamini macho. Tuliitia dawa, tukapima, ikatoka safi. Mwezi uliofuata, baada ya mvua, viini vikarudi. Tukatia dawa tena, na tena vikarudi. Mwishowe nikachukua tope la chini badala ya maji, na ndimo vilimokuwa. Kwenye maji ya juu, yenye jua, vingi hufa kwa siku chache. Vikipata tope la baridi na jani linalooza, vinakaa wiki nyingi, vikingoja mtu atumbukize mtungi na kulikoroga. Tulikuwa tumepima kile tulichoweza kukiona.

Hata hivyo viini vile mwisho huwa vinakufa. Nililala vizuri Kanyakine. Sikuwa nalala vizuri nikienda kwetu.

Baba alifariki nikiwa nimeshahamishiwa hospitali moja upande wa Embu. Shamba likabaki mikononi mwa mdogo wangu, yule aliyekuwa mgongoni mwa mama. Alikuwa mtu wa bidii. Alipanda muguka, ule mmea wa kutafunwa kama miraa, na ndengu, akafuga mbuzi wengi na ng'ombe wachache, na kilio chake kilikuwa kimoja tu, maji. Sikuwahi kumkalisha chini nikamweleza habari ya bondeni. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani nilidhani mama alimwambia, au baba kabla hajafa. Pia nilikuwa nimeanza kujidanganya kwamba miaka imepita. Mimi, niliyeyasikia maneno ya mwalimu kwa masikio yangu mwenyewe.

Alinipigia simu saa sita, nikiwa nje ya maabara na kikombe cha chai.

"Dada, nimepata maji!"

"Wapi?"

"Nimechimba bwawa. Mvua imelijaza mpaka juu. Sasa mbuzi hawaendi mtoni tena."

"Umechimba wapi?"

"Pale bondeni. Ule udongo haupitishi maji hata kidogo. Nimekata ile minyaa ya baba yote."

Niliweka kikombe chini. "Mlipochimba," nikasema, "mliikuta mifupa?"

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Umejuaje kuna mifupa?"

"Wanyama wameshakunywa hapo?"

"Wiki nzima sasa. Dada, kuna nini?"

"Kuna aliyekufa?"

"Mbuzi mmoja tu, juzi. Nyoka huyo. Alilala mzima, asubuhi tukamkuta ameshavimba."

"Mlimfanyaje?"

"Sasa dada," akasema, akicheka kidogo, "mbuzi hutupwa?"

Nilimwambia atoe wanyama wote bondeni, asiguse mnyama yeyote atakayekufa, na kila mtu pale nyumbani anawe mikono kwa sabuni, ajikague mikono na shingo. Nilimwambia naja. Nilimweleza daktari wetu wa zamu, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Alinisikiliza akasimama. Akanipa ruhusa ya siku tatu, akasema mgonjwa yeyote nitakayempata nimlete kwake moja kwa moja, nisipite kwingine. Nikafunga mfuko wangu, vipande vya kioo vya kupakia damu, sindano, glavu, chupa ya dawa ya kuua viini.

Nilifika alasiri. Kutoka barabarani nililiona bwawa kabla ya kuiona nyumba. Maji yalikuwa ya kahawia, yametulia, na kando yake matope yamejaa alama za kwato. Pale palipokuwa na ukuta wa minyaa palibaki visiki vinavyotoa utomvu mweupe. Lilikuwa bwawa zuri. Mdogo wangu alikuwa amelichimba kwa mstari ulionyooka kabisa.

Uani nilimkuta mkewe. Mbele yake kulikuwa na mbuzi jike amelala juu ya majani ya mgomba, tumbo juu, na wifi yangu ameinama ameshika kisu, ncha yake imeshagusa ngozi ya kifua.

"Wifi, weka kisu chini."

Alinitazama bila hata kunisalimu. "Nimeambiwa, ila huyu amekufa sasa hivi. Hajakaa. Nyama yake ni nzuri."

"Weka chini. Tafadhali, wifi. Usimpasue."

Aliweka. Nilivaa glavu. Nilidunga sikio la yule mbuzi, tone moja likatoka, jeusi na jepesi, nikalipaka kwenye kioo, nikaziba tundu lile kwa pamba yenye dawa. Wifi yangu alisimama nyuma yangu akitazama.

"Ni nini hicho?" akauliza.

"Mume wako yuko wapi?"

Mdogo wangu alitoka ndani amevaa shati la mikono mirefu, na jua lilikuwa linachoma. Nilimwambia akunje mikono. Mkono wa kushoto hapakuwa na kitu. Mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, kulikuwa na uvimbe mkubwa wenye malengelenge madogo kuuzunguka, na katikati doa jeusi.

"Hainiumi," akasema haraka, kama anayejitetea. "Inawasha tu. Ni mdudu."

Nilijua sauti ile. Nilikuwa nimeisikia nikiwa na miaka tisa, maneno yale yale, kutoka kwa mtu ambaye yeye hakumjua.

Tulikodi pikapu. Tuliondoka na wote waliokula, yeye, mkewe, watoto wao wawili na mama. Njiani mdogo wangu alijaribu mzaha mara moja, akaona hakuna anayecheka, akatazama nje. Hospitalini daktari aliutazama mkono, akanitazama mimi, akaandika penisilini bila kungoja majibu. Wale wengine akawapa dawa za kunywa za kuzuia, akawaweka chini ya uangalizi. Nami nikaingia maabara na kile kioo.

Nimetazama hadubini karibu kila siku ya maisha yangu ya kazi, na siogopi kinachoonekana mle. Siku hiyo nilipaka rangi ya buluu, nikasuuza, nikakausha, kisha nikakaa kitini nikiwa nimeweka mikono mapajani. Mwenzangu aliniuliza kama naumwa. Nilipoinama walikuwa pale, vijiti vyenye ncha za mraba, vimeungana mwisho kwa mwisho, kila mnyororo na utando wake wa waridi. Walionekana wana afya njema. Walikuwa vijana kabisa, waliozaliwa wiki ile, ila walitokana na wale wa fahali wetu, na waliowaingiza ardhini ni mimi na beseni langu.

Nilimkuta mama kwenye benchi la korido, amejifunika leso mabegani.

"Mama, hukumwambia?"

"Nilimwambia pale hapachimbwi."

"Yeye akasemaje?"

"Akauliza kwa nini." Alinyoosha pindo la leso yake, akalinyoosha tena. "Ningemjibu nini? Ile nyama niliigawa mimi. Wengu niliutia kwenye sahani mimi, nikamkabidhi shemeji yangu mkononi. Miaka yote hii sijamwambia mtu. Nilifikiri ardhi imeshamaliza. Hata mtu mwenyewe huisha, mwanangu. Mifupa yake huisha."

Nilikaa karibu naye, nikamwambia habari ya beseni. Akanishika mkono. Hatukulizungumza tena.

Mdogo wangu alipona. Ganda jeusi lilidondoka baada ya wiki kadhaa likaacha kovu lenye mkunjo, upana wa shilingi. Watoto hawakuugua, mama hakuugua. Wifi yangu aliumwa tumbo siku mbili, daktari akabadilisha dawa, likatulia. Kama habari ingeishia hapo ningeieleza kanisani kama ushuhuda.

Siku ya pili hospitalini, nilipokuwa namletea uji, nilikumbuka nilichokiona kwao, au kile ambacho sikukiona. Bwawa la ukubwa ule hutoa mlima wa udongo. Kando ya bwawa hapakuwa na mlima.

"Ule udongo mliochimba," nikamuuliza. "Uko wapi?"

"Umeisha."

"Umeishaje?"

"Watu wamechukua," akasema. "Ni udongo mzuri, dada. Niliwaambia majirani wajichukulie, ili wanipunguzie kazi. Wakaja na mikokoteni ya punda. Siku nne tu, pakawa peupe."

Aliona uso wangu akaweka kikombe chini.

Nilirudi Mbeere pamoja na afisa wa mifugo wa eneo lile, dada mmoja kijana mwenye pikipiki na kisanduku cha chanjo. Mkuu wake alimruhusu atumie wiki nzima, nami daktari akaniongezea siku. Yeye alichanja wanyama, mimi niliuliza kuhusu udongo. Mdogo wangu alikuwa ametuandikia majina kwenye karatasi akiwa kitandani, kila aliyemkumbuka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyefyatua matofali. Alikuwa ameshayachoma, yamepangwa mekundu, na moto ule wa siku mbili ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mdudu yule havivumilii. Tulifurahi mno, mzee akatushangaa. Ila nusu ya matofali yake yalikuwa bado mabichi, chini ya majani, na mbuzi walikuwa wanayalamba kwa ajili ya chumvi. Tulimsihi ayachome siku ile ile. Alikubali, nadhani, kutuondoa.

Nyumba ya pili walikuwa wameujaza kwenye vikaratasi vya nailoni wakaotesha miche ya muguka, safu kwa safu, na nusu ya miche ilikuwa imeshachukuliwa na watu kutoka juu, upande wa Runyenjes. Walichukua miche na udongo wake. Ni akina nani? Hawakujua. Watu wa miche.

Ya tatu ndiyo ninayoiota. Alikuwa mama mjane, na udongo ule alikuwa amechanganya na samadi akakandika sakafu ya jiko lake. Alitukaribisha ndani kwa fahari. Sakafu ilikuwa laini, nyeusi, imesuguliwa kwa jiwe mpaka inang'aa. Mjukuu wake alikuwa anatambaa juu yake, uchi, akilamba vidole.

Dada wa mifugo aliniangalia. Niliangalia sakafu.

"Kuna ubaya?" mama yule akauliza.

Nilimweleza kwa utaratibu, kwa Kimbeere, nikichagua maneno. Nikamwambia huenda hakuna kitu kabisa katika udongo wake, maana shimo lilikuwa sehemu ndogo tu ya bwawa. Huenda mkokoteni wake ulichota mahali salama. Huenda sivyo.

"Basi nipime," akasema. "Wewe si unapima?"

Nilimwambia maabara yetu haikuwa na uwezo wa kupima udongo kwa ugonjwa ule, na hata wale wenye uwezo wanaweza kuchota kijiko hapa wakakosa, na mdudu akawa kwenye kijiko cha pembeni yake.

"Kwa hiyo niuchimbe niutoe?"

"Usichimbe. Vumbi likipaa ni vibaya zaidi."

"Nihame?"

Akamwinua mjukuu kutoka sakafuni, akamweka kiunoni, akasimama hivyo amembeba muda wote tuliokuwa pale, ingawa alikuwa mtoto mzito. Baadaye mdogo wangu alimnunulia saruji, fundi akaimwaga juu ya sakafu ile. Mtoto alikua. Sijui kama saruji ilizuia kitu, au kama kulikuwa na kitu.

Tulizunguka siku sita. Mkokoteni mmoja hatukuupata. Majirani walikumbuka mtu mgeni mwenye punda wawili, aliyepakia mara tatu akaelekea njia ya Kiritiri. Wengine walisema ni muuza mchanga. Wengine walisema alikuwa anajaza bustani ya mtu. Niliuliza sokoni, nikauliza kwenye malori ya mchanga, nikauliza wenye punda. Kila mtu alikuwa amebeba udongo wiki ile, mvua zilikuwa zimefungua kazi.

Mbuzi saba wa mdogo wangu walikufa kabla ya chanjo kushika, na ng'ombe mmoja. Tuliwachoma bila kuwapasua, kwa kuni nyingi na mafuta ya taa, na yeye akasimama karibu na moto mkono wake ukiwa na bandeji. Hakunilaumu kwa mdomo. Siku ya mwisho, tukizungushia bwawa waya wa miiba, alisema tu, "Ungeniambia, dada. Ningechimba upande ule mwingine." Akanionyesha kwa kidole. Ilikuwa hatua kama mia moja.

Bwawa halikufukiwa. Wakubwa wa mifugo walishauri tuliache likauke lenyewe kisha lijazwe udongo kutoka mbali. Lilikauka, lakini pesa za lori hazikupatikana mwaka ule wala uliofuata, na waya uliibwa kipande kwa kipande. Kuhusu ile chokaa ya utotoni, niliyoiamini kuliko kitu chochote, nimekuja kusoma kwamba wapo wataalamu wanaoona haimdhuru mdudu yule, na huenda hata inamhifadhi.

Nimestaafu sasa, naishi Runyenjes, nina kahawa kidogo na migomba. Mama ametangulia. Kila msimu wa mvua ukikaribia humpigia mdogo wangu kumuuliza kama wanyama wamechanjwa, na miaka mingi hunijibu ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na swali. Mwaka huu hakusema ndiyo.

"Walikuja," akasema. "Wakasema chanjo haijafika. Watatuita."

"Mvua je?"

"Ilianza jana. Kubwa. Mpaka bondeni kumejaa tena."

"Mbuzi wako wapi?"

"Wametoka na watoto asubuhi," akasema, kisha nikamsikia anaita mtu, sauti yake ikipungua kadiri anavyotembea, na simu ikiwa bado mkononi mwake, haijakatwa.